Anti, nina mianzo kumi na moja na sina hadithi hata moja

BARUA

Shikamoo Anti,

Samahani barua itakuwa ndefu maana hili jambo limenikaa muda mrefu na sina wa kumwambia, marafiki zangu wakisikia nimeanza habari za kuandika wanabadilisha mada, mmoja alishaniambia "si uandike tu, ukimaliza utuambie", na hapo kwenye kumaliza ndo penyewe.

Mi ni binti wa miaka 27, kazi yangu ni hesabu, nashinda na mafaili na namba za watu kutwa nzima, ila tangu mdogo nilijua nitakuja kuwa mwandishi wa riwaya. Siyo mashairi, siyo makala, riwaya. Nasoma sana. Tena sisomi riwaya tu, nasoma na maisha ya waandishi wenyewe, walikuwa wanaamka saa ngapi, wanaandikia wapi, wanatumia kalamu gani, naweza nikakutajia sasa hivi bila kuangalia popote. Anthony Trollope, yule Mwingereza, saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, ameweka saa mbele yake, na anajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Toni Morrison alikuwa anaamka kabla jua halijatoka. Hemingway alikuwa anaandika amesimama. Basi na mimi nikajaribu. Nimeamka saa kumi na moja na nusu kwa wiki mbili, nikaishia kusinzia kazini nikajumlisha safu moja mara mbili, bosi akaniita. Nimeandika nimesimama, miguu ikavimba. Nikanunua na daftari zuri mno lenye jalada la ngozi, mpaka leo lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa maana naogopa kulichafua.

Tatizo langu liko hivi. Kuanza naanza vizuri tu. Mzuka unakuja, naweza niko kwenye foleni nikaona kitu, nikifika nyumbani nakaa naandika kurasa kumi bila kunyanyuka, na nikisoma kesho yake bado tamu. Wiki inayofuata niko kurasa ishirini. Halafu nikifika sura ya tatu hivi, sijui kinatokea nini, mzuka unakata kama umeme. Nafungua faili naliangalia nafunga. Nafungua naliangalia nabadilisha fonti nafunga. Mwezi ukipita linakuja wazo lingine zuri kuliko lile la kwanza, naanza hilo, nalo sura ya tatu chali. Juzi nimehesabu, yako kumi na moja. Kwenye kompyuta nina folda inaitwa RIWAYA, ndani yake kuna RIWAYA MPYA, ndani yake kuna HII NDO YENYEWE, na ndani yake kuna HII NDO YENYEWE 2. Nacheka nikiandika hivi lakini naumia Anti.

Nilisoma kwamba Franz Kafka aliandika hadithi nzima kwa usiku mmoja, usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1912, alikaa saa nne usiku akanyanyuka saa kumi na mbili asubuhi kazi imeisha. Yani mzuka mmoja tu, moja kwa moja. Nikajisemea labda ule ndo mzuka wa kweli na huu wangu wa bandia, labda kipaji changu kimepimwa kurasa thelathini basi.

Nimekutumia mianzo mitatu uone mwenyewe. Huo wa mwisho ndo naupenda kuliko yote, wa Zuhura na koti la marehemu baba yake. Wazo lilinijia nilipoona koti limening'inizwa nyuma ya mlango, vifungo vitatu vimeshonwa kwa uzi mweusi na cha nne kwa uzi wa bluu, na nilikuwa na uhakika kabisa nyumba ile haina uzi wa bluu. Koti lenyewe ni la mtu wa karibu lakini hiyo si muhimu. Nikajiuliza, sasa hiki alikishona nani? Usiku huo huo nikaandika kurasa tisa.

Maswali yangu: mzuka unatunzwaje usikate? Ratiba gani inamfaa mtu mwenye kazi ya kutwa? Na kuna watu wamezaliwa wa kuanza tu, siyo wa kumaliza?

Ni mimi,
Wa Sura ya Tatu


JIBU

Marahaba mdogo wangu Wa Sura ya Tatu,

Kwanza pole ya miguu. Pili hiyo mianzo yako nimeisoma yote mitatu, nimeisoma mara mbili, na ya tatu nikasoma na penseli mkononi kwa hiyo jiandae.

Tuanze na huyo Kafka maana naona amekutesa. Ni kweli usiku ule aliandika hadithi nzima na alifurahi sana, lakini wanaokusimulia usiku ule huwa wanaishia pale asubuhi, hawaendelei. Mtu huyo huyo, mwenye mzuka wa kweli kama unavyouita, alianza riwaya tatu maishani mwake na hakumaliza hata moja. Alikufa 1924 zote zikiwa hazijaisha, zilichapishwa baadaye na rafiki yake aliyekuwa ameambiwa azichome moto. Kwa hiyo kama ushahidi wako kwamba mzuka ndo unaomalizisha ni Kafka, umechagua shahidi mbaya. Usiku mmoja ulimtosha hadithi fupi. Riwaya hazikutoshelezwa na usiku wowote.

Nakwambia hivi kwa sababu kwenye mianzo yako mimi sikuona mahali ambapo mzuka ulikata. Nimeona kitu kingine. Ngoja nikuoneshe.

Mwanzo wa kwanza, ule wa mwalimu mstaafu amekaa kwenye basi pembeni ya mwanafunzi wake wa zamani aliyemsingizia mpaka akafukuzwa kazi. Kurasa 26. Unaishia wapi? Mwalimu anageuka, anamtazama yule kijana, "akataka kusema neno", basi linasimama, abiria wanashuka. Mwanzo wa pili, ndugu wawili wanagawana nguo za marehemu mama yao na mdogo anajua mkubwa amekula hela za matibabu. Kurasa 31. Mdogo anavuta pumzi amuulize, simu inaita. Wa tatu, Zuhura yuko chumbani ameshika koti, mama yake anaingia, Zuhura anafungua mdomo, halafu anaenda dirishani.

Umeona?

Hadithi tatu, watu tofauti, na zote zimefia hatua moja kabla mtu hajauliza swali. Siyo sura ya tatu hiyo mdogo wangu, ni mlango. Wewe unatembea vizuri kabisa mpaka mlangoni, unaushika kitasa, halafu unasema mzuka umekata. Na nina hakika, ingawa hujanitumia, nikifungua ile mingine minane ntakuta mingi imelala pale pale kizingitini.

Na hilo wazo jipya "zuri kuliko lile la kwanza" linakujaga lini? Umesema mwenyewe, mwezi ukishapita tangu ufunge faili. Hilo wazo siyo baraka, ni njia ya kutorokea. Kichwa kina huruma nacho, kikiona umesimama mlangoni unatetemeka kinakuletea mlango mwingine mbali kabisa na huu, una kurasa thelathini za kutembea kabla hujaufikia, unashukuru unakimbilia huko.

Najua haya kwa sababu yalinikuta. Riwaya yangu ya kwanza niliihangaikia miaka minne. Mi sikuwa wa kuacha kama wewe, mi nilikuwa mjanja zaidi, nilikuwa namaliza bila kupita mlangoni. Muswada ulikuwa na kurasa kama mia mbili hivi, nikampelekea mhariri mmoja, akaurudisha. Hakuandika barua ndefu. Alikuwa amezungushia duara kwa kalamu nyekundu kila mahali kwenye muswada ambapo simu inaita, na mwishoni ameandika "14". Basi. Nikakaa chini nikazisoma hizo simu zangu kumi na nne moja moja, na kila moja ilikuwa inaita pale ambapo mtu anataka kumwambia mwenzake ukweli. Kumi na nne! Nilimchukia yule mhariri kama wiki tatu hivi, halafu nikaanza kufuta simu. Ukifuta simu wanabaki watu wawili chumbani wanatazamana, na lazima mmoja aseme kitu, na hapo ndo nilijua nimeandika miaka minne bila kuandika.

Sasa turudi kwa Zuhura. Kuna kajisentensi kwenye barua yako nimekapigia mstari. Umesema koti ni la mtu wa karibu "lakini hiyo si muhimu". Mtu akiniambia kitu halafu mwenyewe akawahi kusema si muhimu, mi huwa navuta kiti nikae. Sikuulizi ni la nani. Na sikwambii uende ukaulize nyumbani, hayo ni yako na hao watu wako, mi ni Anti wa kuandika siyo Anti wa ndoa. Lakini nadhani Zuhura haulizi kwa sababu wewe hujauliza. Umempa adabu yako yote, hofu yako yote, na dirisha lako. (Nimehesabu, samahani, kwenye kurasa 28 anaenda dirishani mara nne. Huko nje kuna nini?)

Angalia ulivyoandika:

"Zuhura alilishika koti la marehemu baba yake kwa uchungu mwingi huku machozi yakimlengalenga. Alikumbuka upendo wa baba. Alikitazama kile kifungo chenye uzi wa bluu na moyo wake ukajaa maswali mengi yasiyo na majibu. Mama aliingia. Zuhura alifungua mdomo, kisha akaona si wakati muafaka. Akaenda dirishani."

Kiswahili hakina shida, mtiririko upo. Lakini soma hapo "maswali mengi yasiyo na majibu". Siyo kweli! Swali ni moja na jibu lake lipo, limeingia chumbani, linaitwa Mama. Ule wingi wa maswali umeuweka ili lile moja lisionekane. Na machozi nayo, mtu akilia kwenye hadithi mara nyingi ni kwamba mwandishi amekosa cha kumpa afanye. Uchungu wake sijauona, nimeambiwa tu kwamba upo.

Mi nilijaribu hivi, usinakili, ni mfano tu wa kukuonesha mlango unafunguka:

"Zuhura alikuja mezani amevaa koti. Mikono ilimzidi, akaikunja mara mbili. Mama alikuwa anapanga sahani. Aliweka ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaweka na ya nne, akaitazama, akairudisha kabatini.
'Hilo koti linataka kufuliwa,' akasema.
'Kifungo alishona nani?'
'Kipi?'
'Unakijua.'"

Hakuna aliyelia hapo. Hakuna dirisha. Na mimi sijui mama atajibu nini, idadi ya sahani niliiandika nikijua, lile "unakijua" lilikuja lenyewe na likanishtua maana nilidhani Zuhura ni mpole. Ule mshtuko mdogo wa mhusika kukukatalia, huo ndo mzuka ninaoufahamu mimi. Ule wa kwanza wa kwenye foleni ni mwaliko tu, mtu amekualika, safari bado. Huu wa pili unapatikana baada ya kupita mlangoni, hauji kabla hata ungesubiri miaka, kwa hiyo ukikaa unautunza ule wa kwanza usikate unatunza kadi ya mwaliko huku shughuli inaendelea bila wewe.

Kitu cha kufanya basi. Usirudi sura ya kwanza. Nakujua, utafungua faili utasema ngoja nirekebishe mwanzo kidogo ndo niendelee, na utatumia wiki mbili kubadilisha "alilishika" kuwa "alilikamata". Fungua faili jipya kabisa, usiliite RIWAYA chochote, liite hata "takataka", andika ile sura unayoiogopa peke yake, ya mezani au popote utakapoiweka, mama na binti na swali moja, mpaka mama ajibu. Iandike vibaya. Hakuna atakayeiona, mimi mwenyewe usinitumie ile ya kwanza. Jibu likishatoka, hata liwe la uongo, maana mama anaweza kudanganya na hiyo ni tamu zaidi, utakuta sura ya nne imeshajipanga yenyewe kwa sababu sasa Zuhura ana kitu mkononi, aidha ukweli au uongo wa mama yake, na hawezi kurudi dirishani navyo.

Na jibu la hadithini siyo lazima liwe jibu la huko koti lilipo. Hapa watu wengi wanakwama, wanadhani wakiandika kuhusu kitu kilichowagusa wanatakiwa wakitoe kama kilivyo, halafu wanawaza ndugu watasema nini, wanaacha. Badilisha. Baba afanye kazi tofauti kabisa na ya huyo mtu wako, awe mfupi, awe na watoto sita, koti liwe la mjomba. Siyo kwa ajili ya kuficha tu. Ukishabadilisha vya kutosha unafika mahali huyu siye tena yule unayemfahamu, na huyu unaweza kumuuliza chochote, hakudai adabu. Labda kifungo alishona baba mwenyewe, hospitali, kwa uzi aliopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili, na kosa pekee ni kwamba hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwepo siku hiyo. Mi hilo lingeniuma kuliko mwanamke wa nje. Lakini hadithi ni yako.

Sasa ratiba, maana umeuliza. Hao wakubwa uliowakariri sikukatazi kuwasoma, mi mwenyewe napenda umbea wa waandishi kuliko mtu yeyote, ila ona kwamba umechukua saa zao ukaacha sababu zao. Morrison hakuamka alfajiri kwa sababu alfajiri ina baraka. Alikuwa mhariri kwenye kampuni ya vitabu, analea watoto wawili wa kiume peke yake, na muda pekee ambao hakuna anayemwita mama ulikuwa kabla hawajaamka. Baadaye akagundua pia kwamba kichwa chake ni chepesi asubuhi, lakini mwanzo ilikuwa lazima tu. Trollope naye alikuwa mtu wa posta, ana ofisi ya kwenda, na hiyo kuamka kwake alikuwa anamlipa mtumishi wake nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha. We nani anakuamsha? Simu, na simu unaizima. Akaandika riwaya 47 lakini alivyoeleza hadharani kwamba anaandika kwa saa kama fundi, kitabu chake cha maisha kilipotoka 1883 akiwa ameshakufa, wasomaji wengi wakamshusha thamani, wakaona huyu si msanii. Kwa hiyo hata hao wenye ratiba hawakusifiwa kwa ratiba.

Swali la kujiuliza kwa hiyo siyo "saa ngapi waandishi wanaandika", ni saa ngapi kwenye siku yako hakuna anayekuita. Kwako inaweza kuwa nusu saa ukitoka kazini kabla hujaongea na mtu, au wakati wenzako wameenda kula. Siku nne kwa wiki zinatosha. Ukikosa moja usiilipe siku inayofuata, ikishakuwa deni utaikimbia.

Na wewe, wewe hasa, usihesabu maneno. Kwa mtu mwingine ningesema hesabu, inasaidia sana, lakini wewe mtu wa hesabu, ukijiwekea maneno 500 utafikisha 500 kila siku ya Mungu na Zuhura atakuwa bado yuko dirishani, ameongezewa mapazia. Hesabu kingine. Kila ukimaliza kikao jiulize, leo kuna mtu amejua kitu ambacho jana alikuwa hakijui? Kama hakuna, maneno hayo hata yakiwa elfu mbili ni mapazia.

Kuna tabia moja tu ya Hemingway ningekuambia uichukue na siyo ya kusimama. Alikuwa anaacha kuandika pale anapojua kinachofuata, hasubiri akauke. Wewe unafanya kinyume, unaandika mpaka tone la mwisho, kurasa kumi bila kunyanyuka, halafu kesho unarudi umekauka unasema mzuka umekata. Acha katikati. Mi huwa naacha katikati ya sentensi kabisa, naandika "mama akageuka na" nafunga, naenda kulala nimekasirika kidogo, na kesho yake naanza bila kufikiria maana najua akageuka na nini. Mwanzo inaudhi, nakwambia ukweli, unahisi kama umekatizwa chafya.

Lile daftari la ngozi. Leo leo lichafue. Andika ukurasa wa pili orodha ya vitu vya kununua, wa tatu jumlisha hesabu zako, mwagia maji kidogo kama una ujasiri. Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliacha madaftari 73 na ni vurugu tupu, wazo la mauaji limepakana na orodha ya mambo ya nyumbani, kurasa za hadithi moja zimetawanyika kwenye madaftari kadhaa, na wala hakufuata mpangilio. Daftari ni jalala. Na lina kazi moja kubwa kwako, wazo jipya likija, lile zuri kuliko la kwanza, mstari mmoja tu humo na tarehe, usifungue faili. Halafu pembeni ya tarehe andika Zuhura yuko wapi siku hiyo. Ntashangaa kama hatakuwa mlangoni.

Kuhusu kuzaliwa wa kuanza tu, hapana. Kuna watu hawajui kuanza kabisa, wanakaa miaka wanapanga ramani na majina ya wahusika, hao nawaonea huruma zaidi, wewe unajua kumvuta msomaji kwa uzi mmoja wa bluu, hicho hakifundishiki kirahisi. Kupita mlangoni kunafundishika. Unapita mara moja vibaya, mara ya pili vibaya kidogo.

Na huyo rafiki anayekuambia "ukimaliza utuambie", msamehe, ila usimpe asome. Mpe mtu atakayekuambia alichoka ukurasa wa ngapi, basi, usimuombe maoni mengine.

Nitumie ile sura ya mezani ukishaiandika mara ya pili. Usinitumie na maelezo, usiniambie ulikuwa umechoka au hujaediti, nitumie tu. Nataka nione mama anafanya nini na mikono yake swali likishatoka, maana sahani ameshamaliza kupanga. Kila kitu kingine badilisha utakavyo, ila uzi uache bluu, nimeshauzoea.

Anti